Mistari Iliyokwepa Gari la Magodoro

Jumatatu, Machi 2

Leo tumeanza njia ya baiskeli. Mhandisi wa manispaa amenikabidhi ramani na maelezo: kutoka lango la hospitali mpaka shule ya sekondari, ukingoni mwa barabara, mistari miwili myeupe isiyokatika, mita moja na nusu katikati yake. Iwe tayari tarehe ishirini, kwa sababu wakubwa watakuja kukata utepe. Nimemuuliza kama mvua nayo imepewa nakala ya barua hiyo. Hakucheka. Bwana huyu hacheki kabla ya saa sita.

Tuko watatu. Mimi ni msimamizi, Mrefu anasukuma mashine ya rangi, na Koni anapanga zile koni za kuzuia magari, ndiyo kazi iliyompa jina. Daftari hili nililichukua stoo niandike vipimo. Lakini hadi saa nne asubuhi nilikuwa nimeshatukanwa na watu sita, na daktari kaniambia nisiweke mambo tumboni kwa sababu ya vidonda. Basi nitayaweka humu.

Jumanne, Machi 3

Mvua. Tumeshinda stoo. Koni amekoroma.

Jumatano, Machi 4

Nieleze kazi yenyewe, maana watu wanadhani ni kumwaga rangi tu. Unavuta kamba iliyopakazwa chokaa, mmoja huku, mmoja kule, mnaikaza, mnainyanyua katikati na kuiachia. Inapiga lami na kuacha alama, na mashine inafuata alama. Baada ya hapo rangi inataka nusu saa bila kuguswa. Nusu saa tu, jamani! Hata maharage yanadai zaidi ya hiyo.

Mwenye teksi mmoja amesukuma koni kwa bampa, akapita juu ya rangi mbichi, kisha akasimama mbele kututukana kwamba tumemchafulia tairi. "Rangi mnamwaga barabarani, gari nipitishe wapi, angani?" Hazijapita dakika tano, akatokea wa baiskeli, mabomba ya plastiki begani, simu sikioni, anakuja kwa upande usio wake. Naye akapita hapo hapo. Nikamwambia, "Wewe bwana, huoni koni?" Akajibu bila kusimama, "Si mmesema njia ya baiskeli? Na hii ni nini, ngamia?"

Mimi siendeshi gari wala sipandi baiskeli. Nasafirishwa nyuma ya lori la manispaa pamoja na ndoo. Kwa hiyo sina upande, na pande zote zinanitukana kwa usawa.

Ijumaa, Machi 6

Kaka yangu amekuja kula kwetu. Ana duka la magodoro kwenye barabara ile ile, na gari la kusambazia mizigo, pana kama chumba. Usiku analilaza nyumbani kwake, na kuanzia saa mbili asubuhi linashinda mbele ya duka. Mume wangu anafundisha hisabati pale sekondari na mwaka huu ni wa kumi na moja anakwenda kazini kwa baiskeli: mguu wa suruali umebanwa kwa kibanio cha nguo, kofia ngumu kichwani, kengele anampigia hata kuku. Watu wote wanamwita Mwalimu, na mimi pia. Hao wawili ukiwaweka meza moja, ondoa kiberiti.

"Shemeji, hiyo njia yenu itatumaliza," kaka ameanza hata hajakaa vizuri. "Barabara ni ya magari. Baiskeli ni mazoezi, mkafanyie uwanjani."

"Mimi nataka mita moja na nusu tu," Mwalimu akasema. "Zilizobaki zote chukueni."

"Mita moja na nusu mbele ya duka langu!"

"Duka lako linaishia mlangoni, shemeji. Kutoka mlangoni ni barabara."

Nikawaambia wale au wakanunie nje. Kaka kala sahani mbili na kununa kanuna vilevile.

Siwezi kumkasirikia kaka kwa muda mrefu. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule ili mimi nimalize. Hajawahi kulitaja hilo hata siku moja, na kwa sababu halitaji, mimi nalisikia kila anapofungua mdomo.

Jumatatu, Machi 9

Mvua.

Jumanne, Machi 10

Mvua. Mhandisi amepiga simu mara nne kuuliza kama inanyesha. Ofisi yake ina madirisha mawili.

Alhamisi, Machi 12

Kumekucha kukavu na tumeikimbilia kazi kama watu wanaofukuzwa. Saa nane mchana tukafika mbele ya duka la kaka. Wingu jeusi lilikuwa nyuma yetu, na gari la magodoro lilikuwa limeegeshwa pale pale mistari inapotakiwa kupita.

Nikaingia dukani. Kulikuwa na mke na mume wanajaribu godoro, wanalikalia kwa zamu, kila mmoja anamuuliza mwenzake linajisikiaje. "Kaka, tusogezee gari kidogo," nikasema. Hakunitazama. "Si unaona nina watu? Hebu niache." Kwa ile sauti yake ya baba mdogo. Nikatoka.

Kanuni ya kazi yetu ni moja: gari lisipoondoka, acha pengo, rudi kesho. Lakini pengo ni mistari iliyokatika, na mhandisi keshasema hataki kuona iliyokatika, na kesho nani anajua kama kutakuwa kukavu. Mrefu akasimamisha mashine. "Mama, tunaacha pengo?"

Lingekuwa gari la mtu mwingine ningeita askari. Ningepayuka mpaka mtaa mzima utoke. Nikatazama wingu, nikatazama mlango wa duka.

"Zunguka," nikasema.

Mrefu na Koni wakatazamana. Tukapiga kamba vipande vipande, na mashine ikalizunguka gari: mistari yote miwili ikaacha ukingo, ikaingia barabarani karibu mita mbili, ikanyooka kidogo, ikarudi. Na ramani inasema hapo ndipo panapokaa mchoro wa baiskeli. Basi tukalaza kiolezo cha bati, tukapulizia baiskeli nyeupe safi kabisa katikati ya ile kona, imeelekea malori. Matone yalianza tunafunga ndoo.

"Hata mistari ina adabu siku hizi," Koni akasema, "inapisha wenye mali." Nimemwambia afunge domo lake.

Ijumaa, Machi 20

Wamezindua. Mkubwa amekata utepe, akapanda baiskeli hatua kumi huku ameshikiliwa na watu wawili, akashuka, akapigiwa makofi, akarudi kwenye gari lake. Gari lilikuwa limeegeshwa juu ya njia ya baiskeli. Nimeangalia juu nisije nikasema neno.

Mwalimu ameiendesha njia yote, kwenda na kurudi, akaingia nyumbani uso unang'aa. "Mama watoto, miaka kumi na moja naendesha nikiwa mgeni barabarani. Leo nimekuwa mwenyeji." Sijui kama nimewahi kumwona hivyo tangu mtoto wetu wa mwisho azaliwe.

Halafu akauliza, "Ile kona mbele ya duka la shemeji, ni ya nini?"

"Mambo ya kihandisi," nikasema, na nikaenda kuangalia chakula ambacho kilikuwa kimeshaiva.

Jumatano, Machi 25

Nimesimama kwenye kona kwa robo saa nikijifanya nakagua. Mchana gari likiwapo, baiskeli na magari wote wanaliona, wanapunguza mwendo, wanatukanana, wanapita. Haya, tusi halivunji mfupa. Tabu ni asubuhi, gari likiwa bado nyumbani. Hapo mistari inakwepa hewa. Wanaojua wanaikata moja kwa moja. Wasiojua wanaifuata, na wenye magari hawaelewi kwa nini mtu anawaingilia mbele bila sababu.

Mmoja ananiudhi kuliko wote: anajua, lakini anaifuata. Namjua, nalala naye kitanda kimoja.

"Asubuhi pale pakiwa wazi, si unyooshe tu?" nimemwambia leo wakati wa kula.

"Mistari ikichorwa inafuatwa," akasema. "Tukianza kuchagua pa kuifuata na pa kuiacha, tutawaambia nini wenye magari?"

Mungu anipe uvumilivu na watu wenye msimamo.

Alhamisi, Machi 26

Nimekwenda kwa mhandisi. Nimemwambia ile kona ni makosa, makosa yangu, inabidi ifutwe. Akasema njia imeshazinduliwa. Kufuta kunataka rangi nyeusi, rangi nyeusi inataka ombi, ombi linapitishwa mvua ikikatika. "Na watu wakigongwa?" nikauliza. Akasema, "Mbona umeanza kuwa na uchuro?"

Ijumaa, Machi 27

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumatano, Aprili 1

Mwalimu karudi kutoka shuleni akicheka. Walimu wenzake wameitania ile kona, wameiita tumbo la mjamzito, eti mchoraji alikuwa amelewa. Naye akawajibu kwamba lazima chini yake kuna bomba la maji au shimo la nyaya, mizigo haitakiwi kupita juu. "Nimewaambia, mke wangu miaka kumi na minne anachora barabara za mji huu. Hawezi kupinda mstari bila sababu."

Nilikuwa na kisu mkononi, nakata vitunguu. Nilishukuru kwamba ni vitunguu.

Jumanne, Aprili 7

Saa mbili kasoro dakika kumi simu ya Koni imelia. Shangazi yake anauza chai karibu na duka la kaka. Koni akasikiliza, akaniangalia, akashusha simu. Nikajua. Mtu akikuangalia vile huhitaji kuambiwa.

Lori la mchanga. Mvua ilikuwa nzito na Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mistari, anaifuata. Alipofika kwenye kona akapinda nayo. Gari la magodoro halikuwepo. Mbele yake palikuwa peupe, mita ishirini za lami tupu, na yeye akatoka kwenda katikati ya barabara kukwepa kitu kisichokuwepo.

Nilipofika alikuwa ameshapelekwa hospitali. Baiskeli ilikuwa juu ya ule mchoro wa baiskeli. Dereva wa lori alikuwa amekaa ukingoni, amelowa chapachapa. Mimi nilikuwa nimekuja na matusi yangu yote, nimeyapanga njia nzima. Nimewatukana madereva miaka kumi na minne, na leo ndiyo siku niliyokuwa na haki. Akaniangalia. "Mama, palikuwa wazi," akasema. "Hakukuwa na kitu pale. Nakuuliza tu, alikuwa anakwepa nini?"

Matusi yote yalinikauka.

Askari wa usalama barabarani, dada mmoja mpole, alikuwa anapima kwa hatua na kuchora kwenye karatasi chini ya mwavuli. "Dereva hakuacha njia yake," akasema. "Mwenye baiskeli naye hakuacha njia yake. Sasa nimwandike nani?" Kisha akainua macho. "Hii njia ilichorwa na nani?"

Nikasema naenda hospitali.

Paja limevunjika, mtulinga wa bega umevunjika, mbavu mbili. Daktari anasema atatembea, lakini atachukua muda mrefu na mguu hautakuwa kama ulivyokuwa. Mwalimu alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa, "Sikutoka nje ya mistari. Waambie. Sikutoka."

"Najua," nikasema.

Jioni dereva wa lori alikuja wodini na mkoba wa Mwalimu. Daftari za wanafunzi zilikuwa zimelowa. Alikuwa amezikausha moja moja juu ya injini, zimejikunja kama chapati lakini zinasomeka. Alishindwa kuingia, akanipa mlangoni.

Jumatano, Aprili 8

Kaka ameleta godoro jipya hospitali. Amelibeba kichwani kupita wodi ya wanaume, wauguzi wanamfukuza nyuma, anasema shemeji yake hawezi kulalia yale matandiko ya serikali. Wamembembeleza akaliacha ghala la chini. Akakaa kando ya kitanda analia machozi ya kweli. "Hawa wa malori ni wanyama! Wanyama!"

Nilipomtoa nje nikamwambia, kaka, ile kona niliipinda kwa ajili ya gari lako. Akafuta machozi, akafikiri. "Lakini gari langu halikuwepo asubuhi," akasema. "Sasa nalaumiwa vipi?" Na ukweli ndio huo, halikuwepo. Nilitaka kumpiga na nilitaka kucheka, sikufanya lolote.

Alhamisi, Aprili 9

Mhandisi ameniita. Leo amenikaribisha kiti, kitu ambacho hajawahi. Polisi wanataka maelezo kutoka kwa aliyesimamia uchoraji. "Andika tu kwamba aliteleza akatoka nje ya mistari," akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Nani atabisha?"

"Atabisha yeye. Yupo hai."

"Mtu mwenye maumivu hakumbuki vizuri." Akasogeza karatasi. "Fikiria. Wewe, Mrefu, Koni. Wote watatu kazini hapa. Na ndugu yako na lile gari lake."

Kumbe anajua. Alijua tangu alipoiona ile kona kwa mara ya kwanza, na bado alisaini kuipokea kazi. Nikasimama, nikamwambia hicho kiti akikalie mwenyewe. Lakini karatasi nimeibeba.

Ijumaa, Aprili 10

Nimekaa na ile karatasi kitandani kwa Mwalimu tangu saa nane hadi kengele ya kuaga wageni. Kuandika kwamba alitoka nje ya mistari ni sentensi moja. Ingeokoa mkate wa watu watatu. Na huyu hapa, kitu pekee alichobakiwa nacho ni kwamba hakutoka.

Alikuwa anamweleza mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu bomba la maji. Kwamba kona ile ina sababu, kwamba yeye si mwehu wa kupinda barabara tupu, chini pale lazima kuna bomba. Yule mgonjwa anaitikia kwa heshima ya wagonjwa.

"Hakuna bomba," nikasema.

Akageuza shingo kwa shida.

Nikamwambia yote. Wingu, wateja wa godoro, kaka na sauti yake, Mrefu akiuliza kama tuache pengo, mimi nikisema zunguka. Nikamwambia kwamba lingekuwa gari la mtu mwingine lingeondoka. Nikamwambia nilijua kila asubuhi anapita pale na nilipeleka ombi moja kwa mhandisi, nikakataliwa, nikarudi nyumbani kukata vitunguu. Sikulia. Ningelia angelazimika kunibembeleza, na sikutaka kumwibia na hicho.

Yule mgonjwa wa pili akajifunika shuka mpaka usoni, Mungu ambariki.

"Ulimwambia mara ngapi aliondoe?" Mwalimu akauliza.

"Mara moja."

"Mara moja," akasema. Akageuzia uso ukutani.

Jumapili, Aprili 12

Hajasema.

Jumatatu, Aprili 13

Nimepeleka maelezo polisi. Nimeandika: mwenye baiskeli alikuwa ndani ya mistari, mistari ndiyo ilikuwa mahali pasipo pake, na aliyesema zunguka ni mimi, Mrefu na Koni walifuata amri. Yule dada askari alisoma mara mbili. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema kwa mara ya kwanza mwezi huu, ndiyo.

Mhandisi anasema nitaitwa kwenye kamati ya nidhamu. Nikamwambia sawa, ila kabla ya kamati anipe rangi nyeusi. Amesaini hapo hapo. Kumbe ombi halikuhitaji mvua ikatike, lilihitaji mtu avunjike paja.

Jumamosi, Aprili 18

Mwalimu yuko nyumbani. Anasema "maji", anasema "dawa", anasema "asante". Anafundisha watoto hesabu zao kama kawaida. Mimi ananijibu. Kuuliza haniulizi kitu.

Jumanne, Aprili 21

Kumekauka. Mvua imejikatia yenyewe bila kumwuliza mtu.

Tumefika mbele ya duka saa tatu, Mrefu, Koni na mimi, na mashine na rangi nyeusi. Gari lilikuwa pale. Niliingia dukani. Kulikuwa na wateja watatu. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikujua ninayo, "Kaka, liondoe gari."

Akanitazama. Akachukua ufunguo msumarini, akatoka, akapanda, akawasha, akalirudisha nyuma, akaliingiza kichochoroni ubavuni mwa duka. Kichochoro kipo, kipana, kimekuwepo siku zote. Akashuka, akarudi kwa wateja wake.

Tumefuta kona. Tumepiga kamba moja ndefu, mistari imenyooka, mchoro wa baiskeli tumeuweka ukingoni panapostahili. Wenye magari wametupigia honi, wa baiskeli wamepita juu ya rangi mbichi, sikumjibu mtu.

Nimerudi nyumbani nikampakulia Mwalimu chakula. Ameshika kijiko kwa mkono usiouma.

"Mmenyoosha?" akauliza.

Nilishtuka kusikia swali. "Tumenyoosha."

"Na gari?"

"Ameliondoa."

Akatafuna, akameza. "Limechukua muda gani kuondoka?"

Nilikuwa nimetazama saa yangu ya mkononi tangu alipochukua ufunguo mpaka aliposhuka. Nimeapa kutomdanganya tena.

"Halikufikisha dakika moja," nikasema.

Akaweka kijiko chini. Hakula tena.